Utando wa maziwa na tikiti la Kange

Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nauza matunda yaliyokatwa hapa Tanga mjini, huu mwaka wa sita. Asubuhi niko stendi ya Kange, mchana napeleka oda maofisini Chumbageni. Tikiti, papai, nanasi, na embe likiwa msimu. Ya stendi nafunga kwenye vifuko vya nailoni, ya ofisini naweka kwenye sahani ya foili na kuzungushia ile nailoni inayonata. Wiki iliyopita alikuja kijana na karatasi laini inayoonyesha upande wa pili. Anasema imetengenezwa kwa protini ya maziwa, ukiitupa inaoza yenyewe, na tunda linakaa siku tano bila friji. Bei yake ni mara nne ya nailoni. Anasema pia nikimlipa atanifundisha kuipika nyumbani. Ni kweli au naliwa? Na afisa afya akija ataikubali?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na jibu lenyewe, maana najua unasoma huku wateja wamesimama. Utando wa protini ya maziwa upo, watu wenye ujuzi wao wameufanyia kazi miaka mingi, na unaoza kweli. Hapo kijana hakukudanganya. Hilo la siku tano bila friji, hapana. Kwa matunda ya stendi usiununue. Kwa oda za ofisini kuna mahali padogo tunapoweza kusikilizana naye, nitapafikia. Hela ya mafunzo usitoe hata mia kabla hujafanya majaribio matatu nitakayokupa.

Utando wenyewe unaujua tangu utoto. Chemsha maziwa, ondoa mfuniko, yaache yapoe. Juu yake hujishika ngozi. Wako wanaoigombania na kuila na sukari, na wako wanaoitoa kwa ncha ya kijiko huku wamekunja uso. Ukiiinua polepole haimeguki, inajikunja kama leso iliyolowa. Hiyo ni protini ya maziwa pamoja na mafuta kidogo, imepata moto, ikakauka juu kwa juu, ikashikana. Aliye maabara anafanya hilohilo, tofauti yake ni kwamba yeye anapima.

Maziwa yana protini za makundi mawili makubwa. Kuna kaseini, ndiyo inayoganda maziwa yakichachuka yakawa mtindi. Na kuna zile zinazobaki kwenye yale maji ya kijanijani yanayojitenga mtindi ukishachotwa. Chembe za kundi hili la pili ni kama kamba ndefu zilizojiviringisha zikawa mpira wa makaratasi wa watoto. Ukizipasha moto kufika nyuzi joto 90 kwa muda wa nusu saa, mipira inafumuka, kamba zinatafutana na kufungana. Mwaga uji huo kwenye sahani bapa, uache ukauke, unabandua karatasi angavu. Lakini karatasi hiyo ikiwa tupu inavunjika kama ukoko wa ugali. Ndiyo maana huongezwa gliserini ya daraja la chakula, inaingia katikati ya kamba na kuzilegeza. Ikiwa kidogo, karatasi inapasuka. Ikizidi, inakuwa laini, inanata vidoleni, na inapitisha hewa na mvuke zaidi ya ilivyotakiwa. Mimi mara yangu ya kwanza nilibania gliserini. Asubuhi nikakuta sahani imejaa vigae.

Si maziwa peke yake yanayotoa utando wa namna hii. Kuna jelatini inayochemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya wanyama au samaki, kuna gluteni ya ngano, kuna soya, na kuna zeini ya mahindi, ambayo John Gorham aliitenga mwaka 1821. Na huko Ujerumani mwaka 1899 ilisajiliwa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kugandisha kaseini kwa formalini ikawa plastiki ngumu, wakaiita Galalith, wakatengenezea vifungo vya nguo na mipini ya miavuli. Kwa hiyo akikuambia plastiki ya maziwa ni uvumbuzi wa juzi, mwambie ilikuwapo kabla reli ya Tanga haijafika Moshi.

Kilichoamsha mazungumzo upya ni watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambao mwaka 2016 walionyesha karatasi ya kaseini ya kufungia chakula, wakasema inazuia oksijeni hadi mara 500 kuliko plastiki za kawaida. Hiyo 500 imezunguka dunia. Sina shaka kijana wako anayo kwenye simu. Na si uongo: protini zilizobanana vizuri huzuia oksijeni kwa kiasi ambacho nailoni yako haikifikii hata kidogo. Nailoni ile inazuia maji, lakini oksijeni inapita.

Ila hapo pana sharti ambalo muuzaji halitaji. Protini huzuia oksijeni ikiwa kavu. Vipimo vya aina hii kwa kawaida hufanyiwa chumba cha nyuzi joto 23, unyevu wa hewa asilimia 50 au chini ya hapo. Unyevu ukipanda, maji yanaingia katikati ya zile kamba na kufanya kazi ileile ya gliserini: kuzilegeza. Karatasi inavimba, inalainika, na milango iliyokuwa imefungwa inafunguka. Ule uhodari wake wote unaporomoka.

Sasa wewe unakaa wapi? Unakaa mji ambao masika chumvi inagoma kutoka kwenye kichupa mpaka utie punje za mchele, na biskuti ikilala nje usiku mmoja asubuhi imelegea kama mkate. Hiyo ni hewa tu. Halafu unachofunga ni tikiti, ambalo asilimia 92 ni maji, umelikata, linachuruzika. Ndani ya kifuko hicho hewa imejaa mvuke kabisa. Ukichukua utando unaotaka ukavu ukauzungushia kitu hicho ni sawa na kuvaa viatu vya turubali kwenda kuvua pweza: huna pa kuvilaumu.

Kuna jingine ambalo linanifurahisha kila nikilieleza, na wanawake wa pwani hulielewa kabla sijamaliza. Ukitaka nyama ya mishkaki ilainike unafanyaje? Unaikwaruzia papai bichi, unaipaka, unaiacha. Papai lina kimeng'enya kiitwacho papaini, kazi yake ni kukatakata protini. Nyama ni protini, inalegea. Nanasi nalo lina chake, bromelaini, ndicho kinachochangia ulimi kuwasha ukila nanasi jingi. Kinakutafuna wewe unapolitafuna. Sasa chukua utando wa protini ya maziwa, au mbaya zaidi wa jelatini, uubandike juu ya kipande cha nanasi bichi. Umelipa mara nne ya bei ya nailoni ili nanasi lipate kitoweo. Wapika jeli wanajua: ukitia nanasi bichi haigandi, ukitia la kopo inaganda, kwa kuwa la kopo limepikwa na kimeng'enya kimekufa. Papai bivu lina papaini kidogo kuliko bichi, kwa hiyo shida yake ni ndogo. Nanasi, hata likiiva, bado linauma.

Pia tunda lililokatwa bado linapumua. Kisu kikipita kinapasua mamilioni ya vijichumba, majimaji yanatoka, tunda linajiona limejeruhiwa, linaongeza kupumua na kuharakisha uzee wake. Linavuta oksijeni na kutoa kaboni dayoksaidi. Ukilizibia hewa isiingie kabisa linaanza kuchacha, na utasikia ile harufu ya pombe ukifungua. Kinachotakiwa ni hewa ipite kwa kipimo, na kipimo hicho cha tikiti si cha embe. Kwa hiyo hata hiyo mara 500, kama ingefanya kazi kwenye maji, si kila mara ungeitaka. Inamfaa zaidi muuza jibini, au mwenye korosho, maana mafuta ya korosho huchacha yakipigwa na oksijeni.

Tufike kwenye siku tano. Hapa sitanii, maana si suala la hela yako tu, ni tumbo la mtu. Utando unaweza kupunguza tunda kubadilika rangi, unaweza kupunguza kusinyaa. Bakteria waliokwisha kuingia hauwaui, isipokuwa kama umetiwa dawa maalumu. Tikiti na papai hazina uchachu wa kuwazuia. pH yake, yaani kipimo cha uchachu ambacho kikishuka uchachu umezidi, iko juu kidogo ya 5, na mpaka ambao wataalamu wa usalama wa chakula wanauangalia ni 4.6. Chini ya hapo, kama nanasi na embe lenye ukali, bakteria wengi wa maradhi wanapata shida kuzaana. Juu yake wanastarehe. Kwenye joto la Tanga mchana baadhi yao hujigawa kila nusu saa au chini ya hapo. Mmoja aliyeingia saa mbili asubuhi, kwa mwendo wa nusu saa, saa sita mchana ni 256. Na hawaingii mmoja mmoja.

Wengi wao wanatoka kwenye ganda. Tikiti limelala shambani juu ya udongo, limepakiwa kwenye fuso, limewekwa chini sokoni Mgandini. Wewe unalikata bila kulisugua, kisu kinachukua uchafu wa nje na kuupitisha mpaka kwenye nyama. Mwaka 2011 huko Marekani matikiti madogo ya kantalupu yaliyokuwa na bakteria wa Listeria yaliua watu 33. Kwa hiyo kabla ya kuwaza utando, sugua ganda kwa brashi na maji safi. Kisha lizamishe kwenye maji yenye jiki isiyo na manukato, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja na nusu ya maji ikiwa kopo limeandikwa asilimia 3.5. Dakika mbili tatu zinatosha, halafu suuza kwa maji ya kunywa. Kisu na ubao navyo, kila baada ya matunda machache. Hicho ni kifungashio kikubwa kuliko chote atakachokuletea mtu.

Na baridi. Majaribio ya matunda yaliyokatwa na kuvikwa utando wa protini, yale yanayosifiwa kwa siku tano au saba, kwa kawaida hufanywa kwenye nyuzi joto 4 au 5. Yaani ndani ya friji. Utando unaongezea siku mbili tatu juu ya kazi ambayo baridi imekwisha kuifanya. Kijana amechukua matokeo ya friji akaondoa friji. Sidhani alikusudia ubaya. Pengine naye alisimuliwa hivyo. Kwako wewe hesabu ni nyepesi: tikiti na papai likikaa nje ya baridi, muda wa saa nne tangu likatwe ndiyo mwisho. Lililokatwa saa mbili asubuhi, ikigonga saa sita halimo tena kwenye biashara. Ukitaka liende mbali zaidi, nunua deli zuri la barafu. Kopo lenye matunda likae juu ya barafu, lisiogelee kwenye maji yaliyoyeyuka. Bei ya deli ukilinganisha na karatasi ya mara nne kila siku, mwezi haujaisha utaona nani anakula hela yako.

Kuna wauzaji wenzako hapohapo Tanga ambao wamelitatua jambo hili bila maabara. Mtazame muuza machungwa ya Muheza. Anashika chungwa kwa mkono wa kushoto, kisu kinazunguka, ganda la kijani linatoka utepe mmoja mrefu mwembamba mpaka unaning'inia kwenye goti. Kinachobaki ni chungwa jeupe, bado limevaa ile nyama laini ya ganda. Halijakatwa. Majimaji hayajatoka, vijichumba vya ndani havijaguswa. Anayapanga piramidi kwenye sinia, na anakata kichwa pale tu mteja anaponyoosha mkono. Ule weupe unafanya karibu kila kitu anachokiahidi kijana wako: unapumua kwa kipimo, unalinda, unaoza, na haumgharimu chochote. Dafu ni hivyohivyo. Nakushauri usogee upande huo kadiri unavyoweza. Kwa stendi, menya nanasi na uliache zima ndani ya deli, kata mteja akiwapo; watu wa basi wana haraka, lakini kukata vipande vinne vya nanasi ni muda wa konda kuita abiria wawili. Tikiti lisuguliwe, likatwe robo, robo zikae kwenye baridi, vipande vidogo vitoke pale pale.

Ofisini Chumbageni ni habari nyingine, na hapo ndipo penye ule upenyo mdogo niliokuambia. Kama unachanganya tofaa la Lushoto kwenye sahani zako, unajua linavyogeuka kahawia kabla hujafika ghorofa ya pili. Hapo protini za maziwa zina sifa ya kweli. Lakini si kama karatasi ya kuzungushia: ni kama uji mwepesi wa kuchovyea, unaokaukia juu ya kipande na kuliwa pamoja nacho. Unapunguza oksijeni inayolifikia tunda, na mabadiliko ya rangi yanachelewa. Nakubali unafaa. Nakubali pia kwamba ndimu nusu kwenye bakuli la maji baridi inafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, na wateja wako hawatauliza imetoka wapi.

Na swali hilo la imetoka wapi, kwa Tanga, si dogo. Ukimuuzia mtu tunda ulilolivika protini ni lazima umwambie. Wako ambao maziwa, soya au ngano vinawadhuru, na mzio unaweza kumvimbisha mtu koo. Mtu anaponunua tikiti hategemei maziwa ndani yake. Na ukisikia "protini ya mnyama" au jelatini, uliza ni ya mnyama gani na aliyechinja ni nani, maana jelatini nyingi duniani hutengenezwa kwa ngozi ya nguruwe. Fikiria oda ya futari ya Ramadhani imefika msikitini halafu mtu akauliza. Kijana akijibu "ni ya kawaida tu", funga mazungumzo.

Haya, majaribio. Mwombe vipande vidogo vya karatasi yake, kila kimoja ukubwa wa kiganja, avitoe kwenye mzigo anaotaka kukuuzia.

Kimoja kitie kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kiache saa moja. Utando wa kaseini unalegea na kuanza kuyeyuka, maji yanageuka meupe meupe. Ule wa maji ya mtindi uliopikwa vizuri hauyeyuki, lakini unavimba na kuteleza kama ngozi ya bamia. Kikitoka vilevile kilivyoingia, kinapeperuka na kulia kikikunjwa, basi ama ni plastiki, ama kimepakwa kitu cha kuzuia maji juu yake. Na hapo muulize hicho kitu ni nini, kwani nacho ndicho kinachogusa chakula.

Cha pili, ukishike kwa koleo nje ya nyumba, upepo ukiwa nyuma yako, ukiguse ncha kwa kiberiti. Protini inanuka nywele zilizoungua, au kuku anayebabuliwa manyoya, na inaacha jivu jeusi linalosagika vidoleni likipoa. Nailoni inayeyuka, inadondosha matone ya moto, inanuka kama mshumaa uliozimwa. Pua yako haihitaji cheti kwa hili. Uangalie matone yasikudondokee.

Cha tatu ndicho ninachokipenda. Kata duara la nanasi bichi, unene wa kidole, na kipande cha tikiti cha ukubwa huohuo. Funika vyote viwili kwa karatasi yake, iguse nyama kabisa, viweke kwenye bakuli lenye mfuniko usiku kucha. Asubuhi vuta karatasi. Ya tikiti itakuwa imelowa na kulegea. Ya nanasi, kama kweli ni protini, itakuwa imekuwa utelezi, na huenda penye nyama hutaikuta. Usivile vipande hivyo. Kama karatasi ya nanasi imetoka nzima na inang'aa, mrudishie mwenyewe na umwambie maziwa yake yana maajabu.

Juu ya kuoza hajakosea, ila ujue maana yake. Protini ni chakula, kwa hiyo kila chenye mdomo kinaitaka: ukungu, bakteria wa udongo, mende, panya. Ukizika kipande kwenye udongo wenye unyevu, wiki chache hukioni. Lakini bunda ulilolipia likikaa stoo Makorora kwenye masika, nalo halitakusubiri. Sisimizi watalithibitisha kabla ya TBS, wale wa shirika la viwango. Bado hiyo ni afadhali kuliko mifuko mingine inayouzwa kwa jina la kuoza, ambayo imetiwa dawa ya kuifanya isambaratike kwenye jua. Plastiki inabaki palepale, imekuwa vipande vidogo tu. Na plastiki iitwayo PLA inayotokana na mahindi au miwa inahitaji lundo la mboji lenye joto la nyuzi 58 hivi, ambalo kwenye mchanga wa Raskazone hulipati.

Kama unajiuliza viwandani wanaitumiaje basi, jibu ni kwamba wanaificha. Ulaya kulikuwa na mradi uliokwenda kwa jina la Wheylayer, walipaka protini ya maji ya maziwa katikati, plastiki mbili zikakaa nje kuikinga na unyevu. Protini inafanya kazi yake ya kuzuia oksijeni ikiwa kavu, na wakati wa kurejeleza vimeng'enya vinaiosha, plastiki zinaachana. Ni kazi nzuri. Si ya jiko la mkaa.

Ndiyo maana hayo mafunzo ya kuipika nyumbani siyaungi mkono. Kanuni yake nimekwisha kukupa bure huko juu, unaweza kujifurahisha nayo siku ya mapumziko: gramu 10 za unga wa protini ya maziwa ile ya maji ya mtindi, maji mililita 100, moto wa polepole usiochemka kwa nusu saa, gliserini ya chakula gramu 5, mwaga kwenye sinia, subiri. Tanga utasubiri sana. Kupata karatasi moja safi, isiyo na mapovu, yenye unene mmoja kutoka ukingo hadi ukingo ni kazi. Kupata 200 kwa siku, kila moja safi kiasi cha kugusa chakula cha mtu, ni kiwanda. Na uji wa protini ya maziwa uliokaa vuguvugu kwenye sinia siku nzima ili ukauke ni kitalu cha bakteria haohao tunaowakimbia.

Afisa afya. Katazo lililoanza tarehe 1 Juni 2019 ni la mifuko ya plastiki ya kubebea. Kifungashio cha chakula kina njia yake, mradi kikidhi viwango vya TBS na kisigeuzwe mfuko wa kubebea. Karatasi mpya ya kugusa chakula, iwe ya maziwa au ya nini, mwenye kuiuza ndiye anayepaswa kuonyesha imepimwa na kuthibitishwa. Usibebe mzigo huo wewe. Sahani zako za ofisini zibadilishe ziwe makopo yenye mfuniko yanayorudi: unapeleka la leo, unachukua la jana, unaliosha kwa maji moto. Wateja wa maofisini wako palepale kila siku, hawahami. Na kwa uzoefu wangu, afisa afya akifika mezani kwako hatazami karatasi kwanza. Anatazama kucha, kisu, ndoo ya maji, na nzi.

Kijana akirudi, mpokee vizuri, mpe hata kipande cha embe. Halafu muulize hiyo karatasi ilipimwa kwenye unyevu wa asilimia ngapi. Akikujibu papo hapo bila kubabaika, nitafute. Na mimi nina swali la kumuuliza, kuhusu korosho.